Bao: ngazi ya ufundi iliyojengwa barazani

Kabla maghorofa hayajaijaza Kariakoo ya Dar es Salaam, mitaa kama Sikukuu, Swahili na Mchikichi ilikuwa na nyumba nyingi za Kiswahili: korido katikati, vyumba pande zote mbili, ua nyuma, baraza mbele. Barazani ndipo wazee walipocheza bao, vijana wakiwa wamewazunguka. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 waliwaweka Kariakoo wapagazi wa Carrier Corps, na eneo likapata jina lake. Wageni wa bara walipozidi kuhamia, mchezo huu wa pwani ukawa wao pia.

Bao lina mashimo 32 na kete 64, na ndani yake mna ngazi mbili za kujifunzia. Anayeanza hucheza bao la kujifunza: kila shimo lina kete mbili na zote zinaonekana tangu mwanzo. Hapo huzoea kuhesabu, kula na kusambaza. Akikomaa huingia bao la Kiswahili. Hapo kila mchezaji huanza na kete 10 tu ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa ndani ya shimo maalumu liitwalo nyumba, na 22 mkononi. Hunamua, yaani huingiza kete moja moja ubaoni, mpaka mkono uishe, ndipo mtaji, awamu ya kucheza na kete zilizo ubaoni tu, uanze. Kete zilizoliwa hazitoki ubaoni. Huhamia kwa mlaji, kwa hiyo hesabu hugeuka kila zamu.

Michezo mingine nayo ina ngazi zake. Marekani, mchezo wa kuigiza wahusika wa Dungeons & Dragons, uliotoka mwaka 1974, ulimpandisha mhusika daraja kwa pointi alizokusanya. RuneQuest, mchezo wa aina hiyo wa mwaka 1978, uliuacha ujuzi ukue kwa kutumiwa, au kwa kumlipa mwalimu. Kwenye bao hakuna mhusika wa karatasini: anayepanda ni mchezaji mwenyewe, na ada yake ni kufungwa mara nyingi na waliomzidi.

Ngazi hiyo hufika mbali. Mtafiti Alex de Voogt aliwachunguza mabingwa wa Zanzibar, na tasnifu yake ya mwaka 1995 katika Chuo Kikuu cha Leiden ikauweka umahiri wao mbele ya wataalamu wa kumbukumbu na fikra.

Leo ardhi ya Kariakoo ni ghali, na palipokuwa na baraza pamesimama duka. Ubao bado unachongwa na sheria hazijapotea. Kinachopungua ni mahali pa mwanagenzi kukaa karibu na fundi, atazame, aulize, kisha apewe zamu. Jiji lina wajibu wa kutenga vivuli na mabenchi ya bao kuanzia viwanja vya Mnazi Mmoja, na shule za msingi zianze na bao la kujifunza. Kijana atakayeimudu hatua hiyo atahitaji mzee wa kumfunga, na wazee hao bado tunao.