Maji ya Mkonge

Vidonge vya prednisoloni vinavyouzwa katika maduka ya dawa hapa Kinampanda ni vidogo, vya bei nafuu, na kila mzazi mwenye mtoto wa pumu anavijua. Ukiuliza vinafanya nini mwilini, utaambiwa vinatuliza. Usicheke. Kwa miongo kadhaa, madaktari wa dunia nzima hawakuwa na jibu bora sana kuliko hilo.

Ukoo wa dawa hizi ulianza na kotisoni. Septemba 1948, Philip Hench wa Mayo Clinic, Marekani, alimdunga mwanamke aliyelemazwa na baridi yabisi, na baada ya siku chache akatembea. Mwaka 1950 Hench akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Edward Kendall na Tadeus Reichstein. Punde ikaonekana kwamba kotisoni inazima pia pumu na pumu ya ngozi. Tatizo lilikuwa kuipata. Mwanzoni ilitengenezwa kutokana na nyongo ya ng'ombe, kwa hatua zaidi ya 30, na ng'ombe hawakutosha.

Wakemia wakageukia mimea. Marekani ilikuwa na viazi mwitu vya Meksiko. Waingereza walikuwa na mkonge wa Afrika Mashariki.

Mkonge uliletwa kwetu mwaka 1893 na Richard Hindorf, Mjerumani. Kati ya miche 1,000 aliyoagiza kutoka Florida, 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai. Katika miaka ya 1950 hakuna nchi iliyoizidi Tanganyika kwa mkonge. Lakini katani ni kama asilimia 4 tu ya jani. Kilichobaki, yale maji ya kijani yenye harufu kali, kilisombwa kwenye mifereji kama uchafu. Humo ndimo watafiti wa Uingereza walimoonyesha, mwanzoni mwa miaka hiyo, kwamba kuna hekojenini, kitu ambacho mkemia anaweza kukigeuza kuwa kotisoni. Kampuni ya Glaxo ikaanza kuinunua, ikatengenezea kotisoni, na baadaye betamethasoni, dawa ya kupaka.

Babu yangu alikuwa manamba huko Tanga. Vijana wengi wa nyanda hizi za kati walikwenda kwa mkataba, wakarudi na blanketi na baiskeli, au hawakurudi. Yeye alisimulia zaidi kuhusu muwasho kuliko kuhusu mshahara: maji ya jani yakikugusa mkono, unajikuna usiku kucha. Najua kwamba muwasho huo kwa kawaida si aleji. Ni ngozi kuchomwa na utomvu. Hata hivyo siwezi kuacha kulifikiria jambo hili, kwamba maji yaliyomtoa vipele ndiyo yaliyobeba mali ghafi ya dawa ya vipele, na hakuna aliyemwambia.

Jibu la swali letu lilikuja kwa upande mwingine kabisa. Mwaka 1985 jeni ya kipokezi cha dawa hizi ilisomwa katika maabara ya Ronald Evans, California. Kipokezi hicho kikaonekana kuwa protini inayoingia kwenye kiini cha seli na kushika DNA yenyewe, ikiamua jeni ipi isomwe na ipi inyamaze. Mwaka uliofuata Ranjan Sen na David Baltimore wakaeleza protini nyingine ya aina hiyo, NF-kappaB. Kwa kawaida hii imefungwa nje ya kiini na mlinzi wake. Seli ikichokozwa, mlinzi anavunjwavunjwa, nayo inaingia ndani na kuwasha jeni za uvimbe. Mwaka 1997 ikatambuliwa kazi ya GATA3, inayozielekeza baadhi ya chembe nyeupe za damu kwenye njia ya aleji: zinatoa ishara zinazoita kingamwili za IgE, ute na uvimbe. Kwa hiyo vumbi la kupura alizeti ni lilelile kwa wote uwanjani. Anayebanwa kifua ni yule ambaye protini hizi zimejifunza kulisoma vumbi kama adui.

Na prednisoloni? Mwaka 1995 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba dawa za jamii hii zinaweza kuiamuru seli itengeneze walinzi wengi zaidi wa NF-kappaB. Hiyo ni njia moja tu kati ya kadhaa. Kipokezi pia huikaba NF-kappaB mle mle ndani ya kiini. Kutoka Hench hadi hapo ni miaka 47.

Biashara ya hekojenini ilififia wakemia walipopata mali ghafi nyingine, kama soya. Dawa zilibaki, na zikapata matumizi ambayo hakuna daktari aliyeyaandika. Betamethasoni na ndugu yake mkali zaidi, klobetasoli, huuzwa kichinichini kama krimu za kung'arisha ngozi. Kipokezi hakijui kwamba umepaka kwa ajili ya harusi na si kwa ajili ya ukurutu. Kinazima jeni za uvimbe kama kawaida, kisha kinapunguza na zile za kolajeni, mpaka ngozi ya shingo inakuwa nyembamba na mishipa inahesabika.