Lenzi ya kamera ya filamu kwenye kamera ya dijitali: ipi inafaa?

Anayetaka kupiga picha Daraja la J.P. Magufuli hapa Kigongo, lililozinduliwa Juni 19, 2025, anaweza kutumia lenzi ya zamani ya kamera ya filamu kwenye kamera ya dijitali. Lakini si kila lenzi inaingia, na nyingine huharibu kamera. Tunafafanua.

Nikon imetumia mdomo wa F tangu 1959. Lenzi za kabla ya 1977 ambazo hazijarekebishwa zinaweza kuvunja kijino cha baadhi ya kamera za dijitali. Kamera kama D3500 haina mota ya kufokasi, hivyo lenzi za zamani huzungushwa kwa mkono.

Canon ilibadili mdomo mwaka 1987. Lenzi za EF hutumika kwenye EOS za filamu na za dijitali. Za FD, zilizotangulia, haziingii. Adapta isiyo na kioo huzifunga, lakini vitu vya mbali havionekani vizuri: ukisimama Kigongo, Busisi itafifia.

Kihisi kidogo nacho hubana picha. Kwenye Nikon ya DX, lenzi ya milimita 50 huona kama ya 75. Kwa daraja la kilomita 3, tafuta lenzi pana zaidi.

Kabla ya kulipa, mulika lenzi kwa tochi. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Hupenda unyevu, na sisi wa kando ya ziwa tunao wa kutosha. Usiinunue, na yako ihifadhi pakavu.