Sipo Mezani Kwangu

Juzi nikisafisha barua pepe zangu nilikutana na jina langu la zamani la Yahoo!, lile lenye namba nyingi mwishoni (silitaji, mtanicheka). Nikarudi Nzega ya mwaka 2006, kwenye chumba kimoja karibu na stendi chenye kompyuta nne na dishi la setilaiti juu ya bati. Kebo ya SEACOM ilikuwa bado; ilifika Dar es Salaam Julai 2009. Mvua ikinyesha, intaneti nayo kwaheri.

Kwa wadogo zetu ambao hawakuikuta: kwenye Yahoo! Messenger, chini ya jina lako palikuwa na mstari mfupi wa kueleza hali yako. Statasi. ICQ ilianza Israel mwaka 1996, AIM ikafuata Marekani 1997, Yahoo! 1998, MSN 1999. Walioziunda walikuwa watu wa ofisini, na orodha ya hali waliyotuwekea ilikuwa ya ofisini: nina kazi, naongea na simu, nimetoka kula, sipo mezani kwangu. Meza gani jamani? Mimi nimekalia stuli ya plastiki, nimelipia nusu saa, na nyuma yangu kuna mtu anakohoa ili ninyanyuke.

Basi tukaandika za kwetu. Ukitazama vizuri, tulikuwa tunafanya yale mama zetu waliyofanya kwa kanga. Jina la kanga linasomwa na mtaa mzima lakini linamlenga mtu mmoja, naye akija juu unamjibu, mbona nimeinunua tu dukani? Tulipigana vijembe hivyo, tukatongozana hivyo, tukaombana radhi hivyo.

Huku kwetu mkoa wa Tabora, kutangaza kwamba upo ni jambo la zamani. Misafara ya karne ya 19 ikikaribia mji ilipiga bunduki hewani, kirangozi akiwa mbele, ili wenyeji wajue wageni wanaingia. Stanley aliingia Ujiji kwa milio hiyo Novemba 1871. Tatizo ni mtu akishaondoka. Livingstone alibaki Kwihara tangu Machi 1872 akisubiri wapagazi ambao Stanley aliahidi kumtumia kutoka pwani. Walifika Agosti. Miezi yote hiyo alikuwa wa kusubiri tu.

Sisi tulijua kaka yetu yuko wapi: Dar, chuoni. Jumamosi jioni mama alinipa hela ya nusu saa niende kumjulia hali.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba mdogo wangu. Niko poa, msalimie mama."

Narudi nyumbani, nasema yuko poa. Lakini chini ya jina lake, kwa muhula mzima, palikuwa pameandikwa: Kupotea njia ndiko kujua njia. Niliona kaandika methali nzuri, hata mimi nikaiiga kwa wiki mbili. Kumbe alikuwa amesimamishwa masomo kwa kukosa ada, analala kwa rafiki, anabeba mizigo Kariakoo mchana. Tulijua mwaka uliofuata alipokuja na begi. Mama hakumuuliza kitu. Mimi aliniuliza, "Na wewe ulikuwa unasoma nini huko?"

Wengi hawajui kwamba WhatsApp nayo ilizaliwa kwa ajili ya statasi. Mwaka 2009 Jan Koum alitaka programu ya kuonyesha, pembeni ya jina kwenye simu, kama mtu ana kazi au betri inakwisha. Kutumiana ujumbe kulikuja baadaye. Februari 2017 wakaugeuza mstari ule kuwa picha zinazofutika baada ya saa 24. Watu walilalamika, mwezi uliofuata mstari ukarudi, umefichwa ndani kabisa ambako hakuna anayeingia. Yahoo! Messenger yenyewe ilizimwa 17 Julai 2018, na sikumsikia mtu yeyote Nzega akiilizia.

Baada ya kukumbuka yote hayo niliingia kwenye WhatsApp ya kaka, nikashuka hadi kwenye mstari ule. Hajaandika chochote. Ipo ile sentensi ya Kiingereza waliyoiweka wenye programu, kwamba yupo, anatumia WhatsApp. Taa ya kijani hakuna siku hizi. Juu inasema tu kwamba alionekana mara ya mwisho saa 5:40 usiku.

Nikampigia.