Mzigo wa Mtu wa Hadithi

Mtu wa hadithi huaminika pale msomaji ajuapo uzito wa mzigo wake. Sifa za ujasiri, uzuri na wema ni mavazi; mavazi humpamba mtu, lakini hayamtembezi. Kimtembezacho ni haja yake, na gharama ya kuitimiza. Ukweli huu wadhihirika katika njia ya misafara ya karne ya 19, iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji.

Hamed bin Muhammed el Murjebi, ajulikanaye kwa jina la Tippu Tip, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapisha Berlin mnamo 1902 na 1903. Angaliweza kuanza kwa vita na utajiri. Bali anaanza kwa kijana wa miaka 12, mfanya biashara ya sandarusi katika safari za karibu, achukuaye kidogo kwa sababu ya utoto wake, hali jamaa zake wachukua nyingi. Kwa mzigo ule mdogo twamfahamu: ni mtu apimaye cha wenzake. Afuatapo baadaye njia ya baba yake kwenda Tabora, kisha akavuka mpaka Kongo kutafuta pembe na watumwa, hatuulizi sababu. Kumwamini si kumsifu.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, alitoa riwaya ya Paradise mwaka 1994. Ida Hadjivayanis ameifasiri kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Yusuf naye yumo katika mwaka wake wa 12 aondokapo kwao. Lakini huyu hana mzigo. Yeye mwenyewe ndiye mzigo, rehani ya deni la baba yake kwa tajiri Aziz. Mwandishi hakumfanya mkombozi. Mwishoni Yusuf awakimbilia askari wa Wajerumani. Msomaji aweza kuuchukia uamuzi huo, lakini hawezi kuukana: ni uamuzi wa mtu ambaye hakupata kuwa mali ya nafsi yake.

Yuko wa tatu, naye angali akimngoja mwandishi, pengine kijana wa Chemchem, mjini Tabora: mpagazi wa Kinyamwezi. Vitabu vya wasafiri humtaja kwa hesabu, mara chache kwa jina. Wengi wa wapagazi hao walikuwa watu huru, wafanyao kazi kwa ujira. Mmoja alibeba kiasi cha frasila 2, yaani kilo 32 hivi, kwa mwendo wa miezi 3 hivi baina ya pwani na Tabora. Mvua zilipokaribia, walitaka kurejea kwao wakalime.

Hapo ndipo mtu wa hadithi anapozaliwa. Akiutupa mzigo akatoroka, apoteza ujira na heshima mbele ya wenzake. Akiendelea, mvua zitanyesha shambani mwake naye hayuko. Hakuna njia isiyomgharimu, na kila hatua yake ni jibu.

Tukimwandika kuwa mwenye kuonewa tu, au shujaa asiyechoka, tutakuwa tumemnyang'anya uchaguzi wake. Wasafiri walimhesabu pamoja na mizigo. Nasi tutakuwa tumemhesabu mara ya pili. Haki anayotudai ni ndogo na ngumu: tujue alibeba nini, alimwacha nani nyumbani, na kwa nini asubuhi ile aliinama akautwika tena.