Kurejesha Kumbukumbu Mahali Pengine: Majalada ya Kijerumani na Utafiti wa Historia ya Guta

Fundi anayerejesha hifadhidata kutoka kwenye nakala rudufu, na kuiweka katika diski tofauti na ya awali, hukuta kwamba ndani ya nakala hiyo mmeandikwa njia ya mahali pa zamani. Asipoielekeza upya, programu hutafuta faili katika diski isiyokuwapo. Mtafiti wa historia ya Guta, ukingoni mwa Ghuba ya Speke, anakabiliwa na tatizo hilohilo katika nyaraka za karatasi.

Njia ya kwanza iliyobadilika ni ya kiutawala. Wajerumani walilitawala eneo hili kutoka Mwanza; Waingereza wakaliweka chini ya Musoma; leo limo Bunda. Kosa hili hurekebishika kwa ramani.

Gumu zaidi ni suala la maghala. Vita vya 1914–1918 viliyavuruga majalada ya serikali ya Kijerumani, na baadhi yalifukiwa ardhini kisha yakafukuliwa baadaye. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya Sheria ya Hifadhi ya Nyaraka ya mwaka 1965, wataalamu kutoka Marburg waliyapanga yaliyosalia Dar es Salaam na kuyapiga picha katika mikrofilamu. Orodha yao ilichapishwa mwaka 1973, na filamu zimo Bundesarchiv, Ujerumani. Kwa hiyo, namba ya jalada iliyonukuliwa kabla ya upangaji huo haipaswi kudhaniwa kuwa inafungua jalada lilelile leo.

Filamu hizo zisichanganywe na majalada ya Wizara ya Makoloni, fungu R 1001, yaliyoko Berlin. Baadhi ya watafiti huyatumia kana kwamba ni nakala ya pili ya kumbukumbu za vituo. Sivyo. Hayo yana kile ambacho gavana aliona kinafaa kupelekwa juu. Ugomvi wa jumbe mmoja juu ya kodi ungeweza kuishia Mwanza. Nayo filamu isiyo na rangi inaficha rangi za kalamu, ambazo katika ofisi za Kijerumani zilisaidia kutambua ngazi ya ofisa aliyeandika pembeni mwa ukurasa.

Kwa sababu hiyo, kila tanbihi ya tasnifu hii inayohusu jalada la Kijerumani inataja namba ya Dar es Salaam kwanza, kisha namba ya filamu pale filamu ilipotumika, na kubainisha ni ipi kati ya hizo mbili iliyosomwa na mtafiti.