Matunzo ya Kompyuta Kwenye Barabara ya Songea

Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi ya kuhamishia humo hesabu za Hazina ilikwenda mrama na kula fedha nyingi, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali. Masharti hayo yalilegea polepole, na miaka ya 1990 yakaondolewa. Ndiyo maana fundi wa kompyuta wa ofisini ni kazi changa nchini, na huko wilayani ni changa zaidi.

Mfano wa huko wilayani ni Kifanya, iliyoko kusini mwa mji wa Njombe, kwenye barabara iendayo Songea. Mzigo wa ofisi utokao Dar es Salaam hupita Makambako, penye stesheni ya TAZARA na njia panda ya barabara kuu ya Zambia, ndipo upande kuelekea Njombe. Kompyuta zilipofika huku zilipokewa kama taipureta zilivyopokewa: kwa heshima na kwa kitambaa. Jioni mashine ilifunikwa, mara nyingi kwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, na kwa vumbi la kiangazi hilo lilikuwa jambo la maana. Ila taipureta haichemki. Kompyuta iliyofunikwa huku inafanya kazi, au iliyobanwa ukutani kiasi cha feni kukosa hewa, hujipika yenyewe. Baridi ya Njombe huwadanganya wengi hapo, kwani chumba kikiwa baridi mtu hudhani na mashine iko baridi. Jiko la mkaa likiingizwa ofisini mwezi wa Juni au Julai, jivu nalo huvutwa na feni hadi ndani.

Adui mkubwa wa miaka hiyo, hata hivyo, alikuwa umeme. Njombe ni nchi ya mbao na mahindi, na mota ya mashine ya kupasua mbao au ya kusaga ikiwashwa, umeme wa majirani waweza kushuka ghafla. Mgawo wa umeme wa mwaka 2006, na ule wa 2011, uliwafundisha Watanzania wengi kwamba hatari haiko kwenye kukatika peke yake. Umeme ukirudi, kila kilichoachwa kimewashwa huvuta kwa pamoja, na mkondo huyumba. Kutokana na hilo mafundi husisitiza mambo mawili: chomoa mara umeme unapokatika, na ukirudi subiri dakika chache kabla ya kuwasha. UPS, yaani betri ya akiba ya kompyuta, hutoa muda wa kuhifadhi kazi na kuzima, basi. Haikutengenezwa kuendesha ofisi mchana kutwa. Radi ya masika haizuiwi na stebilaiza yoyote ikipiga karibu. Dawa yake ni kuchomoa waya wa umeme, na waya wa mtandao pia, ambao watu wengi huusahau.

Kisha ikaja flashi, na hapa ndipo historia yenyewe inapouma. Mwalimu aliandika mtihani shuleni, akaupeleka steshenari kuchapisha, na katika kompyuta ile ile zilikuwa zimechomekwa flashi za watu wengi siku hiyo. Kirusi kilichoenea sana kiliyaficha mafaili na kuweka njia za mkato mahali pake. Mwenye flashi alipoifungua hakuiona kazi yake, akaamini imepotea, akakubali ifomatiwe. Kazi ilikuwa imo humo wakati wote, imefichwa tu. Fundi mwenye subira aliitoa kwa amri moja fupi. Fundi mwenye haraka aliifuta kabisa kwa nia njema. Mwaka 2011 Microsoft ilisambaza sasisho lililozuia programu kujiendesha zenyewe flashi inapochomekwa, lakini kompyuta isiyoingia kwenye intaneti haikulipata.

Msiba huo ungepungua sana kama kungekuwa na nakala ya pili. Matunzo yalikuwa yamefundishwa kama ulinzi wa chombo, ilhali chombo hununuliwa tena na daftari la mahudhurio la miaka mitatu halinunuliwi. Hata leo ofisi inaweza kuwa na diski ya akiba, nayo imekaa kwenye droo ya meza iliyobeba kompyuta, mwizi akija avichukue vyote pamoja.

Tangu mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam Julai 2009 na intaneti ikaanza kushuka bei, hatari imehamia kwa mtumiaji mwenyewe. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hauhitaji kirusi chochote. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao, na mwaka 2017 shule na zahanati za umma zilianza kuwekewa mfumo wa hesabu wa FFARS. Nywila ya mfumo kama huo ni sahihi ya mtu. Anayempa mwenzake nywila hiyo ili amsaidie kujaza amemkabidhi jina lake, na kumbukumbu za mfumo zitaonyesha jina hilo hilo.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10. Kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11, ingawa zinawaka vizuri na hazina hata punje ya vumbi. Fundi sasa ana kazi ya kumweleza mkuu wa ofisi kwamba mashine hiyo nzima, iliyotunzwa vizuri, ama iwekewe Linux au itolewe kwenye mtandao.