Kuhamisha michoro ya ujenzi kati ya programu za kompyuta
Ramani ya nyumba ya Angurai, Teso Kaskazini, yaweza kuchorwa kwa AutoCAD, kisha ikakamilishwa Malaba au Busia kwa programu nyingine. Faili ya DWG, ambayo ni ya AutoCAD, huenda isifunguke huko. Ndipo huhifadhiwa kwa muundo wa DXF, uliobuniwa na kampuni ya Autodesk mwaka wa 1982 kwa ajili ya kubadilishana michoro. Herufi zikibadilika sura, hilo ni dogo. Hatari kubwa ni vipimo: toleo la zamani la R12 halielezi iwapo tarakimu ni milimita au mita, hivyo ukuta wa 12,000 waweza kusomwa kuwa wa kilomita 12. Mpokeaji na apime kwanza mlango ambao upana wake unajulikana, kabla ya saruji kukadiriwa na msingi kuchimbwa.